Mlima Kilimanjaro: Theluji, Msitu na Maji

Somo hili limeandikwa kwa wasomaji wa nyumbani na kwa walimu waongozao mikutano ya jioni. Kabla ya kuanza, msomaji na afungue Biblia yake, asome Zaburi ya 111 na Zaburi ya 121.

1. Msafiri aliyesoma Zaburi mbele ya theluji

Tarehe 11 Mei 1848 msafiri mmoja alikuwa akiikaribia nchi ya Wachagga kwa miguu, akitoka Rabai karibu na Mombasa. Jina lake Johannes Rebmann, mtu wa Württemberg katika Ujerumani, ambaye alitumwa na chama cha misheni cha Kiingereza. Pamoja naye alikuwako kiongozi wa njia, Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Yapata saa nne asubuhi Rebmann akaona juu ya mlima kitu cheupe king'aacho, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, Ni nini kile? Yule hakuwa na jina la kukiita, akajibu kwa neno moja tu: baridi. Ndipo Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji, ile ile aliyoizoea katika nchi ya kwao.

Walipopumzika, akaketi chini ya mti, akafungua Biblia pale alipokuwa amefikia katika kusoma kwake kwa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111. Zaburi hiyo yatufundisha kwamba kazi za Bwana ni kubwa, na kwamba watu wazipendao huzichunguza wapate kuzijua.

Habari hiyo ilipochapwa Ulaya mwaka 1849, bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mwenye kutunga ramani za Afrika, aliikana. Alisema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Yeye mwenyewe hakupata kukanyaga nchi hii hata siku moja. Ubishi huo ulidumu miaka mingi, hata Baron Carl Claus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akaleta ushuhuda wake.

Wachagga wenyewe hawakuhitaji ushuhuda wa mtu yeyote. Walimsimulia Rebmann habari za watu waliopanda zamani kuutafuta ule weupe, wakidhani ni fedha, na walipouchukua wakashuka nao, ukawa maji matupu.

Basi hapo pana somo letu. Mmoja alikana asichokiona. Wengine waliona weupe, wakatamani fedha. Mwingine aliona, akauliza, akasoma, akashuhudia. Sisi nasi tukiutazama mlima huu, tutautazama kama nani?

2. Njia ya kutoka Keko

Watu wengi wa Keko hawajauona Kilimanjaro ila katika picha. Kwa hiyo natuende kwanza kwa mawazo, na atakayejaliwa na aende kwa miguu yake baadaye.

Twatoka Keko alfajiri, twafika Mbezi penye kituo kikubwa cha mabasi, twashika njia ya bara. Kabla ya kufika Chalinze twavuka mto Ruvu. Msafiri asilale hapo! Maji tunywayo Dar es Salaam, yale ya mabomba na hata yale tununuayo kwa dumu, kwa sehemu kubwa yatoka katika mto huo. Nao huanza mbali, katika misitu ya milima ya Uluguru. Tunakumbuka mwezi wa Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ukapungua, mji wote ukagawiwa maji kwa zamu. Siku zile mama wa Keko alikesha akingoja bomba, naye huenda hakuwaza kwamba ndoo yake ilikuwa tupu kwa sababu ya mambo ya mlimani.

Kutoka Chalinze twaelekea kaskazini, twavuka Wami, twapita Segera, na karibu na Korogwe twavuka mto Pangani. Sehemu ya maji yake ni maji ya Kilimanjaro yaendayo baharini. Njiani yameingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na chini ya hapo huzungusha mitambo ya umeme huko Hale na mahali pengine. Basi twakutana na mlima kabla ya kuuona. Kisha twapita Mombo, Same na Mwanga, tukiwa na milima ya Usambara na Upare upande wa kuume. Tukifika Himo twaacha njia kubwa, twapanda Marangu. Safari yote ni kadiri ya kilometa 560, kazi ya siku moja.

3. Ngazi za mlima

Kilimanjaro ni milima mitatu iliyozaliwa kwa moto wa volkano: Shira, ulio mzee kuliko yote na umekwisha kubomoka, Mawenzi, wenye meta 5,149, uliochongoka kama meno, na Kibo, ulio mdogo kwa umri na mkubwa kwa kimo, meta 5,895. Hakuna mlima mwingine katika Afrika ulio mrefu kama huo. Katika shimo la Kibo moshi wenye harufu ya kiberiti hutoka hata leo. Mlima umelala, haujafa.

Mwenye kupanda hupita kama mtu apitaye nchi nyingi kwa siku chache. Kila apandapo meta 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Ikiwa Keko kuna nyuzi 30 adhuhuri, juu ya Kibo saa hiyo hiyo kuna baridi ya kugandisha maji, na usiku huzidi sana.

Ngazi ya kwanza ni mashamba ya watu. Hapa migomba na kahawa hukua pamoja chini ya miti mirefu, na maji hupita katika mifereji iitwayo mifongo, iliyochimbwa na mababu wa Wachagga kwa akili nyingi ili kuyaleta maji ya mabonde mpaka nyumbani. Katika ngazi hiyo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi yao, huko Machame, mwaka 1893.

Ngazi ya pili ni msitu mkubwa. Jua halionekani vizuri. Miti imevikwa majani laini yaning'iniayo kama ndevu, nayo hudondosha maji hata wakati mvua hainyeshi. Mbega weusi wenye mabega na mikia meupe huruka matawini. Katika maua ya msitu huu limo moja dogo jekundu na manjano lisiloota mahali pengine po pote duniani ila Kilimanjaro. Na katika bonde moja wataalamu walipima mti wa jamii ya mkangazi wenye urefu wa meta 81.5, wakatoa habari mwaka 2016 ya kwamba ndio mrefu kuliko miti yote iliyopata kupimwa katika Afrika. Mafundi seremala wa Keko, ninyi mjuao mninga na mkongo kwa harufu tu, fikirini mti kama huo umesimama mamia ya miaka, wala hakuna aliyeupanda.

Ngazi ya tatu ni vichaka na majani, na hapo msafiri huona mimea ya ajabu. Mmoja ni senesio, mti wenye shina nene na kichwa cha majani mapana. Majani yake yakikauka hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina kama blanketi, lisiumizwe na baridi. Mwingine ni lobelia. Jioni huyafunga majani yake juu ya kichipukizi kama mtu afumbaye mkono, na asubuhi huyafungua. Ndani yake mna maji. Juu hufanya barafu, na chini kichipukizi hubaki salama. Mahali hapo ni kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku, walakini Mungu amempa kila mmoja vazi limfaalo.

Ngazi ya nne ni jangwa la mawe na mchanga, kati ya Mawenzi na Kibo. Mvua ni haba, upepo ni mwingi, na mimea ni michache.

Ngazi ya tano ni kilele chenye barafu. Hewa yake ni karibu nusu ya hewa tuivutayo pwani. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika huko tarehe 6 Oktoba 1889. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimamisha hapo bendera ya Tanganyika na mwenge, nacho kilele kikaitwa Uhuru. Tena Walutheri wanaye mtu wao katika habari za kilele hiki: Mchungaji Richard Reusch, mmisionari aliyepanda mara nyingi sana, hata shimo la ndani la Kibo likaitwa kwa jina lake. Mwaka 1926 alimkuta karibu na ukingo wa shimo chui aliyekufa, amekaushwa na baridi. Kilichompeleka mnyama yule mahali pasipo windo wala maji, hakuna ajuaye.

4. Theluji yapendeza, msitu hunywesha

Sasa twaja kwenye jambo lililo kubwa katika somo hili. Ukimwuliza mtu, Maji ya Kilimanjaro yatoka wapi? atanyosha kidole juu na kusema, Theluji huyeyuka, maji hushuka. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu. Lakini wale walioyachunguza wameona kwamba sivyo, ila kwa sehemu ndogo.

Kileleni mvua na theluji ni kidogo mno, chini ya milimeta 200 kwa mwaka. Tena barafu ya kule, kwa kuwa hewa ni kavu na jua ni kali, sehemu yake kubwa hugeuka mvuke na kupotea hewani pasipo kuwa maji kwanza. Bali katika msitu wa upande wa kusini, kwa kimo cha meta 2,000 na kidogo zaidi, mvua hufika milimeta 2,000 na kupita, kama mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam. Juu ya mvua hiyo ukungu hunaswa na matawi na zile ndevu za miti, ukawa matone. Majani yaliyooza chini huyapokea kama sifongo. Maji huzama taratibu katika miamba, kisha hutokea chini katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Msitu ndio mtungi.

Na theluji je? Inakwisha. Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilometa 12 za mraba; mwaka 2011 zilipimwa zimebaki chini ya 2. Theluji mpya haianguki kama zamani, hewa ya juu imekuwa kavu, tena dunia yote yazidi kupata joto. Wataalamu wengi husema kwamba watoto wetu huenda wakaona kilele kisicho na barafu hata kidogo. Jambo hili ni la huzuni kwa kila aupendaye mlima, wala haliwezi kuzuiwa na watu wa Moshi peke yao, wala na Watanzania peke yao, kwa kuwa moshi uongezao joto la dunia hutoka katika nchi zote, na zaidi katika nchi zenye viwanda vingi.

Lakini msitu? Huo uko mikononi mwetu. Moto ndio adui yake mkubwa. Mpaka wa juu wa msitu umeshushwa na mioto iliyorudiwa mara kwa mara, na kila ukishuka, mahali pa kunasia ukungu hupungua. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi mlimani, ukala vichaka vingi. Watu mamia walipanda kuupiga kwa matawi na majembe. Cheche ndogo ya mtu mmoja aliyepasha chakula au kurina asali yatosha kuharibu kilichoota katika muda wa vizazi.

Basi twaona jinsi macho yetu yanavyoweza kutudanganya. Kitu king'aacho juu husifiwa na wote, hupigwa picha na wote, nacho hunywesha kidogo. Kitu kilicho kimya, chenye giza na matope, ambacho wapandaji hukipita kwa haraka ili wafike juu, hicho ndicho kinywesheacho watu na ng'ombe na migomba. Je, si hivyo hata katika usharika? Yuko asimamaye mbele na kuonekana, tena yuko mama mzee afagiaye kanisa na kumwombea kila mgonjwa, asiyetajwa katika taarifa yo yote. Tusimdharau wa kwanza. Lakini tusimsahau wa pili.

5. Kulinda bustani

Kitabu cha Mwanzo chasema ya kuwa mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo ni mbili, wala moja haiifuti ya pili. Msitu wa Kilimanjaro ulitengwa kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1921. Mwaka 1973 sehemu ya juu ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1977 ikafunguliwa kwa wageni. Mwaka 1987 UNESCO iliuandika mlima katika urithi wa dunia. Lakini kwa muda huo wote msitu ulikuwa nje ya Hifadhi ya Taifa. Kilele kililindwa zaidi kuliko mtungi wa maji. Mwaka 2005 msitu nao uliingizwa, na eneo la hifadhi likapanuka toka kilometa za mraba 750 na zaidi kidogo mpaka karibu 1,700. Hapo watu walitambua kwa sheria kile tulichokieleza hapa juu.

Sheria hiyo ina gharama yake, nasi tusiifiche. Mama aliyezoea kuokota kuni msituni na kukata majani ya ng'ombe amepata shida. Kumlaumu ni rahisi kwa mtu akaaye mbali. Afadhali tumsaidie kwa miti ya kupandwa shambani na majiko yanayokula kuni chache. Nasi wa Keko tunayo sehemu yetu. Fundi anunuapo mbao aulize zimetoka wapi, na kama zina kibali. Maana ubao wa wizi ni wizi hata ukipigwa randa ukang'aa. Na mwenye nyumba apikaye kwa mkaa akumbuke kwamba kila gunia lilikuwa mti.

6. Mashauri kwa atakayesafiri

Usidhani ya kuwa safari haina maana usipofika kileleni. Mtu aweza kupanda kwa siku moja kutoka lango la Marangu mpaka vibanda vya Mandara, kilometa kama 8, na kuchungulia shimo la Maundi, kisha akashuka. Huo wote ni msitu, na ndio uliobeba somo letu. Kundi la vijana wa usharika laweza kufanya hivyo. Ada za raia ni ndogo kuliko za wageni, ziulizwe mapema. Miezi mizuri ni Januari na Februari, tena Juni hata Oktoba. Wakati wa masika njia huteleza.

Atakayepanda juu na apande polepole, anywe maji mengi, asione haya kupumzika. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu huwapata wengi. Bali mtu akianza kuyumba, au kusema maneno yasiyo na maana, au kukosa pumzi naye ameketi, au kukohoa povu, ashushwe mara moja, hata ikiwa ni usiku. Hakuna dawa ipitayo kushuka. Watu wamekufa kwa kuona aibu kurudi. Kiburi cha kupanda kisimnyime mtu nyumba yake. Kumbuka yule chui.

Tena mwangalie mpagazi. Kanuni yasema mzigo wake usipite kilo 20. Mwulize kama amekula, kama ana nguo ya baridi, kama atalipwa haki yake. Rebmann asingaliona theluji pasipo Bwana Kheri na wale wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwisho, takataka zako rudi nazo, wala usiwashe moto mahali pasiporuhusiwa.

7. Neno la kumalizia

Katika Zaburi ya 121 mwimbaji huinua macho aitazame milima, kisha huuliza msaada wake watoka wapi. Angalieni jibu lake: hasemi watoka mlimani. Humtaja Bwana aliyeziumba mbingu na nchi. Basi theluji ikiisha, imani yetu haiishi, kwa maana hatukuitegemea theluji. Lakini apendaye mwenye bustani hawezi kuitazama bustani yake ikiungua na kusema, Hainihusu.

Jioni ya leo, utakapochota maji hapa Keko, fikiri kidogo yalikotoka. Kisha mshukuru Mungu, na usimwage bure.

Maswali ya mkutano

1. Rebmann, Cooley na wale waliotafuta fedha waliuelewa mlima kwa namna gani mbalimbali? Sisi twafanana na nani?
2. Kwa nini msitu hunywesha kuliko theluji? Eleza kwa maneno yako mwenyewe, hata mtoto aelewe.
3. Maji ya Keko yatoka wapi, na nani ayatunzaye huko yaanzako?
4. Mtu aliyekatazwa kukata kuni msituni asaidiweje, ili sheria isiwe mzigo kwa maskini peke yake?
5. Katika usharika wetu ni nani aliye kama msitu, anyweshaye pasipo kuonekana? Tumemshukuru lini?